Sinema ya Gati

Gati aliolewa kijijini Gorong'a bila kujua kupika. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba yake, mzee Mniko, alimlea machungani pamoja na kaka zake. Alijua kukamua na kumtambua ng'ombe anayeumwa, lakini ugali wake ulijaa mabuje ya unga mbichi. Mama mkwe wake, Mokami, hakulificha jambo hilo. Alilisema kisimani na mashambani, mpaka wanawake wakawa wanapita jioni kuchungulia sufuria. Nashoni, mume wa Gati, alikula alichowekewa.

Baada ya watu kuhamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, aliletwa Bibi Maendeleo, Felista, kufundisha upishi. Wengi walikwenda kwa sababu waliitwa. Gati alikwenda kwa kupenda. Felista alimshika mkono wenye mwiko, akamwonyesha kungoja maji yachemke, kutia unga kidogo kidogo, na kusonga kwa kukandamiza ukingoni mwa sufuria. Akamfundisha kuunga mboga ya mgagani kwa maziwa ili uchungu upungue. Gati aliunguza, akarudia, akaunguza tena.

Halafu wakaja watu wa sinema kutoka Dar es Salaam. Walitaka mama mmoja asiyejua kupika, waonyeshe anavyobadilika. Felista akamtaja Gati. Siku ya kwanza walimwomba apike kama alivyokuwa akipika zamani, naye akapika vibaya kwa makusudi huku akicheka. Kesho yake walipaka jiko udongo mweupe, wakamvika kitenge cha kuazima, na akapika vizuri kuliko siku zote.

Jioni ile Mokami alikula ugali ule na mgagani, akaomba aongezewe.

"Maziwa unatia saa ngapi?" akauliza.

"Mboga ikishaiva, mama. Na moto unaupunguza."

"Kesho utaniita nione."

Walipika pamoja miezi michache tu. Wakati wa masika Gati alishikwa na uchungu wa kuzaa, mto ukiwa umejaa, gari halipiti. Mtoto alitangulia kufa, na Gati akamfuata kabla jua halijazama. Mokami ndiye aliyemfumba macho.

Sabasaba ilipofika, habari zikaenea kwamba sinema ya upishi itaonyeshwa Bomani. Nashoni na mama yake wakatembea hadi mjini. Giza lilipoingia, shuka jeupe lililotundikwa uwanjani likaangazwa, na Gati akatokea. Nashoni akamshika mama yake mkono. Sauti ya mwanamume ikasema kwamba huyu ni mama asiyejua upishi bora. Ugali wenye mabuje ukaonyeshwa kwa karibu, na uwanja mzima ukacheka. Kisha akaja mama mwingine, mgeni kabisa, kwenye jiko la sakafu ya saruji, akafundisha mpaka mwisho.

Walimngoja Gati arudi. Hakurudi.

Mokami akawageukia waliokaa karibu. "Alijifunza," akasema. "Yule mtoto alijifunza. Mimi nimekula chakula chake."

Watu wakamtazama, wakaanza kuondoka.

Nashoni akamfuata mwendesha mashine ya sinema, akamwomba aonyeshe ile siku ya pili. Yule bwana akamweleza kwa upole kwamba filamu humfikia ikiwa imeshakatwa, na vipande vilivyoachwa hajui huenda wapi.

"Kwani yule ni nani wenu?"

"Ni mke wangu. Tulimzika wakati wa masika."

Yule bwana akairudisha filamu nyuma, akawasha taa ya mashine.

Uwanja ulikuwa karibu mtupu, na safari hii hakuna aliyecheka. Mokami alisogea akachuchumaa mbele ya shuka, akamwangalia Gati akikoroga unga usioiva, mpaka alipogeuka na kucheka pembeni, upande ambao siku ile Nashoni alikuwa amesimama. Mama mgeni alipotokea, yule bwana akazima taa.

Nashoni akamshukuru. Akamwinua mama yake, wakaenda kutafuta pa kulala.