Mdomo wa Ndege ya Igoma

Ojuok alitua kwenye shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, upande wa Usagara, huku propela imesimama kimya mbele ya uso wake. Hakuumia. Ndege nayo ilipinda gurudumu moja tu. Lakini Shimba alipofika akikimbia, alimkuta rafiki yake ameketi juu ya tuta, amevua viatu, na hakuonyesha dalili ya kutaka kuinuka.

"Injini imepata joto mpaka ikakwama," Ojuok alisema. "Geji ya joto ilianza kupanda tangu naacha ardhi. Nilikuwa juu ya ziwa, Shimba. Nimegeuza nikiwa juu ya maji."

"Nitapanua tena midomo ya hewa."

"Ulishaipanua. Mimi humo siingii tena."

Alivaa viatu, akakata shamba kuelekea barabarani, na hakugeuka nyuma.

Wawili hao walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi kwenye ndege za kunyunyizia pamba dawa. Ojuok, mtu wa Shirati, alikuwa rubani. Shimba alikuwa fundi wake. Soko la pamba lilipofanywa huria na kampuni ya umma waliyoitumikia ikafungwa, Ojuok alipata kazi ya kuendesha boti ya kukusanya sangara visiwani. Shimba alifungua karakana Igoma, akawa anachomelea mageti na kutengeneza mashine za kusaga. Kazi ilikuwepo, ila yeye hakutulia. Kila ndege ilipopita kuelekea uwanjani aliacha alichoshika na kutoka nje. Mwishowe alianza kuunda ya kwake: kiti kimoja, mabomba ya alumini, mbawa za mbao zilizovikwa kitambaa, na injini ya Volkswagen dogo la zamani. Aliichagua kwa sababu haitumii maji. Inapozwa na upepo tu. Feni yake aliitoa ili kupunguza uzito. Propela ingesukuma hewa, na hewa ingeingia kwa midomo miwili, mmoja kila upande wa pua ya ndege.

Sasa midomo hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi. Aliirudisha ndege karakana, akaifungua injini na kuitengeneza, kisha akakata bati akaipanua midomo hata ikaweza kumeza sufuria. Akaifunga ndege kwenye nguzo, akawasha injini, akatazama sindano ya joto ikipanda bila kusita. Akazima. Akapanua tena. Nyumbani alikuwa akila matonge mawili anainuka, anakwenda dirishani, anarudi, anasahau kwamba alikuwa anakula.

"Baba Ng'washi, kaa," alisema Wilhelmina, mkewe, aliyefundisha sayansi katika chuo cha ualimu Butimba. "Unajuaje kwamba hewa inaingia?"

"Mdomo wote ule, itaachaje kuingia?"

"Sikuuliza ukubwa wa mdomo. Nimeuliza unajuaje."

Swali hilo lilimuudhi Shimba. Alitoka akazunguka nyumba. Aliporudi alisema, "Basi tuitazame."

Wilhelmina alitaka pua ya ndege, pamoja na injini yake, ifungwe juu ya pikapu ya jirani na kupelekwa kwa kasi barabarani bila propela. Nyuzi fupi za sufu zingebandikwa kuzunguka midomo ili zionyeshe hewa inakokwenda. Halafu mrija mwembamba wa mpira unaoonyesha ndani, wenye maji yaliyotiwa wino, ungewekwa ncha moja juu ya silinda na nyingine chini yake. Hewa ikiwa inasukuma kutoka juu kwenda chini, maji yangehama.

Walihitaji dereva, kwa kuwa wao wote wawili walitaka kuwa nyuma. Wilhelmina alimfuata Ojuok mwaloni, ufukweni samaki wanakoshushwa, kwenye boti yake.

"Shemeji, sikuombi urushe ndege," alimwambia. "Nakuomba uendeshe gari."

Ojuok alikaza kamba ya boti. "Gari naweza," alisema.

Waliondoka Igoma asubuhi na mapema kwa barabara ya Musoma, kabla magari hayajawa mengi. Shimba alilala kifudifudi karibu na mdomo wa kulia, Wilhelmina akashika mpira wa maji. Ojuok alikanyaga mafuta. Akina mama waliobeba mikungu ya ndizi walisimama pembeni kushangaa pua ya ndege ikipita juu ya pikapu.

Nyuzi za juu ya mdomo zililala zikielekea ndani, kama Shimba alivyotegemea. Za chini ndizo zilizomfanya asogeze uso. Zilikuwa zinapepea kuelekea nje. Hewa ilikuwa inaingia kwa juu, inajizungusha, na kutoka kwa mdomo ule ule ilioingilia.

"Maji je?" alipiga kelele.

"Hayajasogea," Wilhelmina alijibu.

Shimba aligonga paa la gari. Ojuok akaegesha, akaja nyuma.

"Hewa haina pa kutokea," Shimba alisema. "Tundu la chini ni dogo, hewa inajaa ndani na kugoma. Na ile kidogo inayopita haigusi silinda, inachepukia kwenye nyufa." Alijifuta uso kwa kiganja kilichojaa grisi. "Miezi yote hii nakata mbele, kasoro iko chini. Ningekuua, Ojuok."

"Hukuniua," Ojuok alisema. "Twende ukatengeneze."

Mara hii Shimba aliiziba midomo ile mikubwa na kutengeneza mingine, midogo, kila mmoja kama kikombe kikubwa cha bati. Kingo alizikunja zikawa za mviringo, maana kingo kali za bati zilikuwa zinaikata hewa na kuivuruga. Nyuma ya kila mdomo aliweka njia inayopanuka taratibu, hewa ipunguze kasi na kujibana juu ya silinda. Nyufa zote alizifunika kwa vipande vya tyubu ya gari, ili hewa isipate njia nyingine ila katikati ya mapezi ya silinda, yale mabati membamba yanayotoa joto. Chini, kwenye tundu la kutokea, alikata bati mpaka tundu likawa kubwa kuliko midomo yote miwili kwa pamoja, akaacha ukingo mmoja umeinama nje, upepo unaopita uvute hewa ya moto.

Walirudi barabarani. Nyuzi zote zililala ndani. Maji yalihama upana wa vidole viwili na kubaki hapo. Ojuok aliposimamisha gari alikuja kuyaangalia maji, akaingiza mkono wake kwenye kila mdomo, akapapasa vipande vya tyubu kwenye kila silinda. Kisha akawarudisha karakana.

"Ikikaguliwa tena, nitaijaribu," alisema. "Kuzunguka kiwanja tu."

Mkaguzi wa ndege alikuja, akaikagua siku nzima, akaruhusu majaribio. Asubuhi moja, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege za pamba, Ojuok aliruka. Alizunguka mara kadhaa, sauti ya injini ikiwa sawa. Kisha akanyoosha kuelekea ziwani, na sauti ikafifia mpaka ikapotea.

"Anakwenda wapi?" Shimba alisema. "Tulikubaliana kiwanja." Alitembea hadi mwisho wa nyasi, akarudi, akaenda tena. Wilhelmina alimwambia akae, naye mwenyewe alikuwa amesimama. Shimba alitega sikio hata akawa anasikia injini isiyokuwepo. Mara ya kwanza ikawa ni pikipiki. Mara ya pili Wilhelmina alimshika mkono, akaelekeza juu ya miti.

Ojuok alitua taratibu, akazima, akabaki kwenye kiti.

"Nilikwenda mpaka pale nilipogeuzia siku ile," alisema. "Nimeona kivuko kinaingia Busisi. Joto lilipanda nilipopaa, halafu likasimama pale pale. Nikaona nikirudi bila kupita pale, kesho nitaogopa."

Shimba alikuwa ameshika ubavu wa ndege kwa mikono miwili. Wilhelmina ndiye aliyemwambia Ojuok karibu chini, chakula kipo.

"Oili je?" Shimba aliuliza hatimaye. "Joto la oili ya injini."

"Lilikuwa juu kidogo. Si la kutisha."

Shimba alikuwa ameshapiga magoti chini ya pua, anachungulia tangi la oili, akipima kwa vidole mahali ambapo mdomo mwingine mdogo wa kuipoza ungeweza kukaa. Wilhelmina alimletea kiazi na kipande cha samaki, naye alivila akiwa hapo hapo, bila kuondoa macho kwenye bati.