Maji ya Samaki wa Kidoti

Kinyozi hakuwa mtu wa samaki. Mtu wa samaki alikuwa binti yake, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya alama nyeusi iliyomkaa juu ya mdomo tangu azaliwe. Yeye ndiye aliyeleta sebuleni tangi la kioo, akaweka humo samaki wadogo wenye mikia ya rangi ya moto, akawa anawaita wanangu. Mama yake alimtania kwamba amemletea wajukuu wasiojua hata kuamkia.

Kidoti aliugua tumbo, hakukaa nalo sana, akafa. Msibani hakuna aliyekumbuka kulisha samaki. Watu walipotawanyika alikuwa amebaki mmoja tu, jike, tumbo limemtuna.

Kule hospitali muuguzi alikuwa ameuliza swali la kawaida, macho yakiwa kwenye karatasi zake: maji ya kunywa nyumbani mnachemsha? Mama Kidoti alijibu kwamba huwa anachemsha, ila siku zile gesi ilikuwa imeisha. Muuguzi akaliandika jibu. Heri angemkaripia, yangeisha. Swali likamganda mama wa watu rohoni, na tangu siku hiyo akawa anachemsha kila kitu: maji ya kunywa, maji ya kuoga, vijiko, matambara, hata mswaki wa mumewe mpaka ukapinda shingo. Kinyozi alimwambia sasa anapiga mswaki kwa kona. Mkewe hakucheka. Chakula alikuwa anakigusagusa tu, na usiku alikuwa anaamka kuangalia kama birika limejaa.

Majirani walikuwa wamelimeza jina la mtoto. Mama yake walimwita mama, basi, kama mtu wanayemwona kwa mara ya kwanza. Ni wao wawili tu walioendelea kuitana Baba Kidoti na Mama Kidoti, na Kinyozi aliona kwamba hicho ndicho kitu cha mwisho ambacho kifo hakijakitia mkononi.

Basi akaenda kwenye duka la samaki wa mapambo, akiwa hajui lolote katika mambo hayo. Muuzaji, mwanamke mnene mwenye mikono iliyolowa daima, alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia jike wa aina ile huweza kubeba mbegu ya dume hata dume akishakufa. Akitunzwa vizuri atazaa, na watoto watakuwa ukoo uleule. Kinyozi akageuka akajifanya anatazama makopo ya chakula, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa.

Alitaka filta, chujio la maji, yenye nguvu kuliko zote. Kulikuwa na moja ya mota, nyeusi, inanguruma vizuri, ikateka roho yake. Muuzaji akaitoa mkononi mwake.

"Hii itavuta watoto wote," alisema. "Utakuja kuwatoa humu kama makapi. Wewe chukua sponji na pampu ya hewa. Inavuta taratibu, mtoto anaweza hata kuilalia."

Halafu akampa sharti moja. Sponji itashika ute wa kahawia, na ute huo si uchafu. Ndani yake mna vijidudu vinavyokula sumu ya kinyesi cha samaki, na kwenye tangi lenye watoto wengi hivyo ndivyo vinavyowaweka hai. Ikiziba, aikamue ndani ya maji yaleyale ya tangi. Asiioshe bombani, maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Hata maji ya kuongezea ayalaze kwanza kwenye ndoo, wazi, mpaka dawa itoke.

Kwenye hita ya kupashia maji joto hawakubishana sana. Msimu ulikuwa wa baridi na sebule yao haioni jua. Muuzaji alimwonyesha moja isiyo na pa kurekebisha, na nyingine yenye kitufe cha kuzungusha kuchagua joto. Kinyozi alichukua ya kitufe, kwa kuwa alizoea mashine ambazo mkono wake unaziamuru.

Aliyebisha ni mkewe. Lilikuwa neno lake refu la kwanza baada ya msiba: umeme na maji havikai pamoja, atakuja kuwapika hao viumbe wa watu. Tangi liwekwe jikoni karibu na jiko, joto la jiko linatosha. Kinyozi alifurahi kusikia anafokewa. Akaapa kwamba hita haina neno, na yeye ndiye atakayejibu likitokea lolote.

Jike akazaa. Walikuwa wengi, wadogo kama punje za uwele, wana macho tu. Mama Kidoti alivuta kigoda akakaa mbele ya kioo mpaka chai yake ikapoa. Kesho yake alichemsha yai, akasaga kiini, akawanyunyizia. Siku zilizofuata akaanza kula, akaanza kuuliza habari za kibandani, nani kanyolewa, nani kakimbia na nusu kichwa. Kila asubuhi alikunja mkono wa gauni na kutumbukiza kiwiko ndani ya tangi, kama mama anayepima maji ya kuogeshea kichanga, akasema yako sawa. Mikia ilipoanza kupata rangi, rangi ilikuwa ileile. Alilia, lakini kilikuwa kilio cha mtu anayerudi.

Kazi ya sponji Kinyozi aliifanya peke yake, asubuhi kabla ya kwenda kibandani. Lile sharti la muuzaji hakumwambia mkewe. Hakuficha kwa ubaya. Aliona tu kwamba katika yote yaliyokuwa ya mwanawe, na yeye abaki na kazi moja ambayo ni yake.

Ikaja wiki ya mwisho wa likizo ya shule, vichwa vikajaa kibandani, akawa anaondoka mapema bila kugusa tangi. Siku moja, mchana, alirudi nyumbani kuchukua mkasi mwingine. Mkewe hakuwepo, ametoka kununua mayai. Kinyozi akatupa jicho kwenye tangi.

Watoto walikuwa wamelala chini, weupe, wengine wakielea. Jike alikuwa juu ya maji, amelala ubavu, anahema kwa shida. Sponji ilikuwa ya njano, inang'aa kama siku iliyotoka dukani.

Aliingia jikoni. Kwenye sufuria kulikuwa na maji ya kahawia yenye utando. Ndoo ya maji yaliyolazwa ilikuwa imesuguliwa na kufunikwa kichwa chini. Hakuhitaji kuelezwa. Mkewe aliona ute, akaona uchafu, na uchafu ulishamuua mtoto wake mmoja. Akachemsha, na vijidudu vikafa humo.

Maji ya kuwaokoa hayakuwepo. Ya bomba yana dawa, ya birika yanaunguza. Kinyozi alisimama katikati ya jikoni na wazo moja tu kichwani: mkewe atakaporudi ataweka kiwiko. Atakuta maji yako sawa, kisha atauliza ni nini kilichowaua. Na jibu, kwa vyovyote atakavyolizungusha, litaishia kwenye maji na kwenye mkono wake, kwa mara ya pili.

Akasikia lango. Alikwenda kwenye tangi, akazungusha kitufe cha hita mpaka mwisho, akang'oa waya ukutani. Halafu akachukua birika.

Jike alikuwa bado anahema. Alikuwa ndiye jike wa Kidoti, aliyekula kwenye vidole vya Kidoti. Kinyozi alimwomba radhi kwa sauti, kama anavyoombwa mtu, akamimina.

Mkewe alipoingia aliweka mayai chini polepole. Alikunja mkono wa gauni, akatumbukiza kiwiko, akakitoa upesi. Akatazama kitufe.

"Nilikwambia," alisema.

"Ni mimi. Nilidhani wanasikia baridi, nikaongeza, nikasahau."

"Uliniapia."

"Niliapa."

Alikaa kwenye kigoda. Alizungumza akitazama ndani ya tangi, kwa sauti ndogo.

"Na mimi juzi nimewachemshia sponji yao. Nimewawekea safi, haina hata doa."

"Niliona," alisema Kinyozi. "Ilikuwa safi sana."

Mkewe akaitikia kwa kichwa. Angalau hilo alikuwa amelifanya vizuri. Akainuka, akaitoa sponji, akaikamua na kuianika dirishani, kisha akaenda kupika, na jioni akala, kidogo, lakini alikula. Kinyozi aliona kijiko kinapanda na kushuka, akashukuru.

Alipomaliza alimsogezea mumewe bakuli la maji ya kunawa.

"Nawa, Kinyozi," alisema.

Hakumwita tena Baba Kidoti.