Ngazi ya Saba

Mama mwenzangu, usimwimbishe mtoto jedwali la kuzidisha kama nilivyofanya mimi. Binti yangu aliimba la saba mwanzo hadi mwisho huku tukiosha vyombo, nami kichwa kikavimba. Wifi alipokuja na mwanawe, nikajitapa: "Wifi, muulize chochote!"

"Haya mwanangu, saba mara nane?"

Binti akaanza: "Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne..."

"Anapanda ngazi huyo!" mtoto wa wifi akacheka. "Hamsini na sita!"

Roho iliniuma hata chai ikanishinda. Kwa wifi, kadi za hesabu huchanganywa, mtoto akaokota yoyote na kujibu hapo hapo. Nilijua hilo siku zote, ila kumwiga wifi niliona ni kumpigia magoti.

Walipoondoka, binti akaniuliza, "Mama, niende kwa shangazi nikacheze kadi?"

"Hapana!"

Akainama, akaanza tena polepole: saba mara moja, saba.

Nikachukua mkasi na boksi tupu la sabuni. "Njoo tukate zetu," nikamwambia. "Ila shangazi yako asijue."