Chakula cha Ukungu

...na huu mche mmoja kwa nini umesimama, mfuniko bado uko mkononi, unyevu wa boksi unanipanda usoni kama pumzi ya mtu aliyelala, miche mingine yote ya saladi imelegea, myeupe chini ya majani, kama inavyotakiwa, maana mbegu hii dhaifu tunaipanda iwe chakula cha ukungu, ukungu haukai chupani, lazima ule kitu kilicho hai, tunaulea humu, kisha tunaunyunyiza kwenye mbegu mpya za wakulima tuone ipi itahimili, na hii miche niliinyunyizia kwa mkono wangu, hakuna niliouruka... "Mama Pacha, vipi huko, imekufa?" mtaalamu yuko mlangoni, "Imekufa," "Yote?"... Mama Pacha, bado ananiita hivyo na mimi naitika, pacha mwenyewe kabaki mmoja, kitanda kimoja, homa moja, kikombe kimoja cha maji, asubuhi huyu akaamka akaomba chakula, mwenzake hakuamka, na tangu hapo nampikia, namfulia, ila kumgusa mkono unagoma, kwa nini wewe, hata nywele anasukwa na shangazi yake, na kitandani halali ila upande wake, ule mwingine shuka limenyooka vilevile, nikimwita anaitika mara mbili, "Abee, mama," halafu chini chini, kwa sauti ya mwenzake, "Abee"... "Acha mchezo huo," "Mchezo gani, mama?"... "Kama kuna uliosimama ung'oe, Mama Pacha, hiyo mbegu imechanganyika, usituharibie ukungu wetu," mtaalamu anacheka, haya, ung'oe, vidole vimeshafika shinani, nageuza jani, na... madoa, meusi, madogo kama ncha ya sindano, jani zima, kumbe ndivyo ulivyopona, kila mahali ukungu ulipochoma, mche umejiua hapo hapo, kidoa kwa kidoa, ili ukungu usipite, ukiutazama kwa mbali utaapa haukuguswa, na mimi mwanangu nimemtazama kwa mbali muda wote huu, sikumgeuza, sikuuliza ni wapi pamekufa, shuka lile, sauti ile... jioni shangazi yake akija nitamwambia leo apumzike, kitana kiko wapi, nitamkalisha katikati ya magoti yangu, na akiitika mara mbili nitanyamaza nizisikie sauti zote mbili... "Mama Pacha! Yote?" mfuniko bado uko mkononi, "Abee," naitika, na kabla sijafunga mdomo, chini chini, kwa sauti nisiyoijua, naitika tena, "Abee."