Bibi Futi Apima Dari

Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bibi Futi alifika kwenye geti la gereza la wanaume na mkoba wa kitambaa alioushona mwenyewe, wenye mifuko mitatu kwa ndani. Mfuko wa kwanza ulikuwa na miwani. Wa pili ulikuwa na penseli mbili, moja ya kuandikia na moja ya kungoja zamu. Wa tatu ulikuwa na futi ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani, ambayo namba zake zilikuwa zimefutika kuanzia thelathini na mbili hadi thelathini na nane, kwa maana hapo ndipo viuno vya wateja wake vilipokuwa vikiishia enzi za kazi.

Alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka arobaini. Alipostaafu akachaguliwa kuwa mkaguzi wa kujitolea. Hakuwa mtu wa magereza wala wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuingia humo ndani kwa niaba ya watu walio nje, kutazama wafungwa wanalala vipi, wanakula nini, wanatendewaje, kisha kuyajaza yote kwenye fomu ya kurasa nne na kuipeleka ofisi kuu. Sheria ilimruhusu kuingia siku yoyote, saa yoyote. Ila kwa adabu zake alikuwa akija kila Alhamisi saa nne, na kila Alhamisi saa nne alikuta sakafu zimedekiwa na kila mfungwa ameshika kipande cha sabuni kama mtoto wa shule aliyeshika bendera.

Ni mume wake aliyemtia mdudu kichwani. Juzi yake Bibi Futi alikuwa akimsomea ripoti wakati wa chai, na mzee akauliza, bila kuinua macho kwenye kikombe, kama hao watu huoga mara moja tu kwa wiki. Bibi Futi aliosha vyombo, akavipanga, na Jumanne akaamka mapema.

Askari wa zamu, ambaye wafungwa walimwita Funguo kwa sababu alikuwa na funguo thelathini na alijua tisa tu, alimtazama kupitia tundu la geti.

"Bibi, leo si Alhamisi," alisema.

"Najua, mwanangu. Na mimi nina kalenda."

Funguo akafungua.

Bibi Futi alitaka kwenda moja kwa moja chumba cha saba. Huko alikuwamo Fundi Saa, mzee mwenye pumu aliyebakisha miezi minne amalize kifungo chake. Na huko kulikuwa na kengele. Ilikuwa kitufe chekundu kando ya mlango, cha kubonyezwa mtu akizidiwa ndani ili askari wasikie kule mwisho wa ukumbi. Mwaka uliopita mafundi rangi waliokuja kupaka kuta kwa ajili ya mgeni mkubwa walichomoa waya wake, wakapaka rangi juu ya tundu, na tangu siku hiyo kitufe kilibonyea vizuri sana bila kulia popote. Bibi Futi alikuwa ameliandika jambo hilo mara tisa. Mara tisa ofisi kuu ilimjibu kwamba suala limepokelewa na linashughulikiwa. Fundi umeme alitumwa mara moja, akarudishwa getini kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye orodha. Fundi Saa mwenyewe alisema ni kazi ya dakika tano apewe bisibisi, lakini mfungwa haruhusiwi kugusa umeme, hata umeme usiokuwepo.

Funguo alijaribu funguo nne. Wa tano ulifungua.

Chumba kilikuwa na watu ishirini na wanane. Kumi na watano walikuwa wamelala sakafuni, bega kwa bega. Kumi na watatu walikuwa wamelala darini, nao wamepangana vizuri, nyuso zikitazama chini. Mmoja wao alikuwa akikoroma.

Bibi Futi alivaa miwani. Aliwahesabu wa chini, akainua shingo akawahesabu wa juu, akaandika. Kisha akauliza mambo haya yameanza lini.

Nyapara, mfungwa aliyekuwa kiongozi wa chumba, alimweleza huku akikunja blanketi lake. Chumba kilijengwa kwa watu kumi na watano. Walipofika ishirini walianza kulala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Walipofika ishirini na wanane ikabidi walale ubavu, na anayetaka kugeuka anaomba ruhusa wote wageuke pamoja. Kulikuwa na jamaa mmoja anaitwa Kimya, asiyewahi kuomba kitu tangu aingie. Siku moja Kimya alisukumwa na wa kushoto, akasukumwa na wa kulia, akasukumwa na wa miguuni, akaona upande pekee usio na mtu ni wa juu. Akasogea. Wenzake walimcheka siku mbili. Siku ya tatu walimwona amelala chali, mikono ameinyoosha kama tajiri, wakaacha kucheka na kuanza kugombea nafasi.

"Na Alhamisi je?" Bibi Futi aliuliza.

"Alhamisi tunashuka, Bibi. Tunapewa sabuni."

Taabu ilikuwa moja. Mtu hakuanguka, lakini vitu vilianguka. Blanketi la kulalia lilibaki maana mtu alilibana kwa mgongo, la kujifunika likaanguka. Kikombe kikaanguka. Meno ya bandia ya mzee mmoja yalimwangukia mtu wa chini shavuni, wakanuniana wiki nzima.

Fundi Saa alikuwa kwenye kona ya dari, mbali kabisa na dirisha. Sakafuni walikuwa wakimbana kifua, akapanda ili apate nafasi. Lakini pumzi za watu ishirini na wanane hupanda juu kama moshi wa jikoni, na huko juu ndiko zilikokaa. Alipopumua alilia kama birika linalokaribia kuchemka. Bibi Futi alisimama chini yake, wakatazamana uso kwa uso, mmoja kichwa juu, mwingine kichwa chini.

"Saa yako inachelewa dakika sita, Bibi," Fundi Saa alisema. "Naisikia kutoka hapa."

"Achana na saa yangu. Kifua kinasemaje?"

"Kifua kina saa zake."

Alimwambia kwamba pumu ikimshika vibaya, kitufe kiko kule chini, na hata angekifikia kingekuwa cha mapambo. Vitu alivyokuwa akiomba ni viwili tu: nafasi ya chini karibu na dirisha, na kengele inayolia. Alivisema taratibu, kama mtu anayeagiza vitu dukani akijua havipo.

Basi Bibi Futi akafanya alichokifanya maisha yake yote. Mwalimu wake wa ushonaji alimfundisha kwamba ukipima shati usiache mkono, kwa maana mteja ataenda nao. Alipima sakafu: mita sita kwa tano. Akaomba meza, akapanda juu yake huku Funguo akimshikilia kiunoni na kutazama pembeni kwa heshima, akampa Kimya ncha ya futi, Kimya akatambaa nayo darini, akiihamisha kila ilipoishia, hadi ukutani. Mita sita kwa tano. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja tu wa eneo la kulala, hivyo aliandika humo humo, kwa mwandiko wake wa darasa la saba ulionyooka: sakafu thelathini, dari thelathini, jumla mita za mraba sitini. Aliona aibu kwa niaba ya watakaosoma. Alidhani nao wataisoma kwa aibu hiyo hiyo.

Mkuu wa gereza alimkaribisha ofisini, akamwagizia chai. Alikuwa mtu mpole mwenye kitambi na usingizi kidogo. Hakukataa kwamba watu wanalala darini. Kilichomtia wasiwasi ni kanuni, ambayo inakataza mfungwa kupanda ukuta, paa au mti. Bibi Futi alimwambia kwamba hawakupanda, wamelala, na kulala wameamriwa. Mkuu alilitafakari hilo mpaka chai ikapoa, akaonekana kutuliwa mzigo.

"Andika tu, Mama," alisema. "Ila usisahau vipimo. Ofisi kuu wanapenda vipimo."

Bibi Futi aliuliza kuhusu Fundi Saa. Mkuu alisema nafasi za chini zimejaa, kama alivyojionea mwenyewe.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, likiwa na mhuri mara mbili. Ofisi kuu ilimshukuru mkaguzi kwa umakini wake. Ilisema kwamba kwa kiwango cha mita mbili za mraba kwa kila mfungwa, chumba chenye mita sitini kinatosha watu thelathini, nacho kina ishirini na wanane. Kwa hiyo chumba cha saba hakikuwa na msongamano kama ilivyokuwa ikiripotiwa kwa miaka mingi, bali kilikuwa na nafasi mbili wazi. Vyumba vingine vilikuwa na dari pia, na hesabu zake zimerekebishwa. Kengele: suala limepokelewa na linashughulikiwa.

Siku hiyohiyo alasiri lori liliingia likiwa limejaa wafungwa wapya. Wawili walishuka kwenda chumba cha saba, vijana wawili ndugu, wakaonyeshwa dari. Mmoja aliuliza wanapandaje. Nyapara akamwambia alale kwanza pasipo nafasi, atajua mwenyewe. Ilipofika saa ya kufungiwa walikuwa wamejua. Kumi na watano chini, kumi na watano juu, kama kofia na kichwa.

Bibi Futi aliisoma barua ile mezani mara mbili. Mume wake akauliza kuna nini. Akasema, "Nimewashonea nguo ya kuzikia, mzee wangu, na vipimo nimechukua mwenyewe." Mzee aliweka kikombe chini.

Ilikuwa Jumapili mchana, vyumba vimefungwa, Fundi Saa aliposhikwa. Bibi Futi aliyasikia Alhamisi iliyofuata. Birika lilichemka, likachemka, kisha likanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikowaamsha wote. Nyapara alibonyeza kitufe kwa mazoea, kikabonyea vizuri. Walipiga kelele, lakini Jumapili kila chumba hupiga kelele. Ndipo Kimya, aliyelala jirani na Fundi Saa, akachukua kikombe chake cha bati na kukiachia. Kilianguka kwenye saruji kwa mlio wa kupasua masikio. Wa chini wakakirusha juu, Kimya akakidaka, akakiachia tena. Wakaendelea hivyo, juu na chini, hadi Funguo akaja kuuliza ni nani anayemchezea. Alijaribu funguo saba. Fundi Saa alipelekwa zahanati akiwa wa bluu midomoni, akawekewa hewa, siku ya nne akarudishwa mahali pake kwenye kona ya dari.

Bibi Futi aliandika yote hayo. Safari hii alikuwa mwangalifu. Hakuweka kipimo hata kimoja. Aliandika kwamba mtu nusura afe, kwamba alipona kwa kikombe, na kwamba kikombe si kengele.

Ofisi kuu ilijibu mapema kuliko kawaida. Ilifurahi kusikia kwamba chumba cha saba sasa kina njia ya kuita msaada isiyotumia umeme, ikaagiza kila chumba kipewe kikombe kimoja cha bati kwa kazi hiyo, na suala la kengele likafungwa rasmi baada ya mwaka mmoja na mwezi mmoja. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti chenye jina la Bibi Futi, futi mpya ya chuma ya mita kumi, na fomu mpya ya ukaguzi. Fomu ile ilikuwa na kurasa tano. Chini ya mstari wa sakafu na mstari wa dari iliongezwa mistari minne: ukuta wa mashariki, ukuta wa magharibi, ukuta wa kaskazini, ukuta wa kusini.

Alikwenda nayo Alhamisi saa nne. Sakafu ilikuwa imedekiwa. Wafungwa wote thelathini walikuwa na sabuni, na hakuna aliyejisumbua kushuka tena. Wa juu walishika zao kwa mikono miwili zisianguke. Mkuu wa gereza alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na Funguo, wakizitazama zile kuta nne tupu kama watu wanaotazama shamba kabla ya mvua.

"Bado kuta tu, Mama," Mkuu alisema kwa upole.

Kutoka kwenye kona yake Fundi Saa alisema, kati ya pumzi mbili, "Usipime, Bibi."

Bibi Futi aliitazama futi ya chuma. Ilikuwa nzuri, namba zake zote zikisomeka. Aliirudisha mfukoni, akavaa miwani, akachukua penseli. Kwenye mstari wa ukuta wa mashariki aliandika: Kengele hailii. Wa magharibi: Kengele hailii. Wa kaskazini: Kengele hailii. Wa kusini aliandika kwa herufi kubwa zaidi, penseli ikavunjika, akachukua ile ya pili iliyokuwa ikingoja zamu, akamalizia. Kisha akatia sahihi, akaweka tarehe, na saa, akiongeza zile dakika sita.

Barua ilimkuta nyumbani baada ya wiki tatu. Ilisema suala limepokelewa na linashughulikiwa, na kwamba vipimo vya kuta vimepatikana kwenye ramani ya jengo, hivyo asihangaike.

Siku iliyofuata, kabla lori jingine la wafungwa halijafika, Kimya aliamka, akawaangalia wenzake kushoto na kulia, akachukua blanketi lake la kulalia, akahamia ukuta wa mashariki, chini ya dirisha. Alilala hapo kwa dakika chache akipajaribu. Kisha akamwita Fundi Saa, akampisha.