Uongo kwa Lugha Tano

Kabla vita havijaifunga seminari yetu, nilikuwa mwalimu wa Kilatini, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la neno moja. Naandika ubaoni *mentiri*, kudanganya, halafu chini yake napanga ukoo wake: *mensonge* ya Wafaransa, *menzogna* ya Waitaliano, *mentira* ya Wahispania na Wareno, *minciună* ya Waromania. Wanafunzi wanapiga makofi. Nilijivuna sana, Mungu anisamehe.

Mwaka 1998 kazi yangu ilikuwa kukaa na meza mbele ya posta ya Bujumbura, nikiwasomea watu barua. Mapema Aprili akaja Houda wa mtaa wa Buyenzi. Mumewe Moubarak, fundi wa magari, alikuwa amevuka mpaka wa Gatumba kwenda Kongo kutafuta kazi. Houda alishika bahasha kutoka misheni moja ya huko, barua yake imeandikwa Kiitaliano.

"Mwalimu, soma basi," alisema. "Mi roho inadunda."

Mtawa wa misheni hiyo aliandika kwamba Moubarak alikufa kwa homa ya matumbo tarehe mbili Machi, na Waislamu wa pale wakamzika. Niliisoma kimoyomoyo mara mbili, mpaka mwisho. Mwezi uliotangulia Houda alikuwa amemzika mtoto wake, na macho yake yalikuwa bado mekundu. Nikashindwa. Nilimwambia kwamba Moubarak aliugua, sasa amepata nafuu, anamsalimia.

Alicheka kwa furaha, akanishika mikono yote miwili. Nami nikajiona mtu mwema. Mjinga mimi!

Uongo ule ulitaka kulishwa. Kila mwezi alikuja tumwandikie Moubarak, nami niliandika na kuahidi kutuma. Barua hizo nne ninazo hadi leo.

Agosti, dereva mmoja aitwaye Hamimu alirudi kutoka Kongo na habari kamili. Kesho yake Houda alikuja posta. Nilitegemea matusi, na nilistahili.

"Alikufa siku gani?" aliuliza.

"Tarehe mbili Machi. Houda, nilikuonea huruma, ulikuwa umetoka kumzika mto..."

"We si Muislamu, Mwalimu, hukujua. Mwanamuke akifiwa na bwana, anakaa eda miezi ine na siku kumi. Anabaki nyumbani, hajipambi, kila mutu anajua huyu analilia bwana yake. Na inahesabiwa toka siku alikufa, si siku ulisikia. Shehe ameniambia yangu iliisha Julai. Na mi siku zile nilipaka hina. Nilienda harusi ya jirani yangu Sijaona, nikacheza."

"Si dhambi yako," nilisema.

"Apana, si dhambi. Lakini mi nilitaka kumukalia."

Nilimwambia anaweza kukaa hata sasa. Alitikisa kichwa. Eda ya kujitungia haikuwa eda, alisema, na mtu hawezi kumlilia mumewe kwa kuigiza.

Kisha akaweka ile bahasha mezani. "Soma tena. Yote."

Nilisoma, polepole, sentensi kwa sentensi. Ile ya mwisho niliiona vizuri Aprili, nikaipuuza. Mtawa aliandika: Moubarak aliomba mkewe aambiwe upesi, siku zake zisije zikampita.

"Alinifikiria," Houda alisema, na hapo ndipo alipolia.