Michango ya Mama Hulda

Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, Séphora alipanga vitu vinne kando ya godoro la mama yake: kikombe cha plastiki chenye maji, sahani ya bugali na maharagwe iliyofunikwa, redio na beseni. Vyote aliviweka upande wa kushoto, kwa kuwa mkono wa kulia wa Mama Hulda ulikufa mwaka ule walipokimbia kutoka kijiji cha Mabalako, pamoja na miguu yote miwili. Kisha alifunga mlango kwa kufuli kutoka nje, kwa ajili ya wezi, akachukua madumu yake ya mawese akaenda. Alirudi saa kumi na mbili jioni. Maji yakimwagika saa mbili asubuhi, Mama Hulda alikaa bila maji mpaka jioni.

Juu kilimani, hapo hapo mjini Butembo, kulikuwa na nyumba ya wazee ya kanisa, yenye vitanda kumi na sita na wasichana wa kuwageuza wazee ili wasipate vidonda vya mgongo. Bei ilikuwa dola sitini kwa mwezi, na pampasi za wakubwa familia ilijinunulia. Séphora alikuwa amepanda huko mara mbili kuuliza kama bei imeshuka. Adèle, msimamizi wa nyumba, alimjibu mara zote mbili, kwa upole, kwamba haijashuka. Ofisi ya mtaa nayo iliandika jina la Mama Hulda kwenye daftari la wazee wasiojiweza, ikamwambia Séphora angojee mradi.

Methali inasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Haisemi neno juu ya kumlea aliyekulea. Mawese yalimpa Séphora kodi ya nyumba na chakula, basi. Kwa hiyo aliandika kwenye kundi la familia kwenye simu, lenye watu thelathini na wanane, akiomba kila mmoja atoe dola mbili kwa mwezi. Wote walisoma. Kaka yake Phinées, mwenye duka la vipuri vya pikipiki kule Kampala, alituma mstari wa Zaburi. Kaka yake wa pili, Jean-de-Dieu wa Beni, aliandika: "Mama aende kulala kwa batu ingine? Batu batatusema." Wiki tatu zilipita bila dola hata moja.

Mama Hulda alikufa Jumanne moja ya mwezi wa tatu, wakati fulani Séphora akiwa sokoni. Séphora alikuta kikombe sakafuni na maji yaliyomwagika yakiwa yameshakauka kwenye saruji. Alikiokota, akakiosha, akamwosha mama yake pia, akalia mpaka sauti ikaisha. Kisha akaandika kundini.

Kufikia Alhamisi mchana familia ilikuwa imekusanya dola elfu moja mia tisa. Hakuna aliyesukumwa. Kwenye matanga ya kwao orodha ya waliochanga husomwa kwa kipaza sauti, jina kwa jina na kiasi kwa kiasi, mbele ya majirani na wakwe. Hakuna anayesoma kwa kipaza sauti majina ya walionunua pampasi. Likanunuliwa sanduku lenye dirisha la kioo na godoro jeupe ndani, vikaletwa maturubai, ng'ombe, kwaya kutoka Beni, na kitenge cha aina moja kwa watoto na wajukuu wote. Phinées alisema mbele ya watu kwamba mama alikuwa nguzo ya nyumba. Kaburi lilijengwa kwa saruji.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja jioni, pikipiki ilisimama mlangoni ikiwa imembeba Mama Hulda. Dereva alieleza kwamba alimkuta ameketi kwenye lango la makaburi na kwamba, kwa kuwa hakuweza kujishika, alimfunga mgongoni kwake kwa mpira wa kufungia mizigo. Alitaka faranga elfu mbili, na mia tano za mpira. Séphora alilipa, wakamwingiza ndani wote wawili, huyu mabegani, huyu miguuni. Kifo hakikuwa kimemponya kitu. Mkono wa kulia ulikuwa vile vile, miguu vile vile, na alikuwa na njaa.

Séphora alipomaliza kumlisha alimuuliza alilala namna gani kule.

"Muzuri," Mama Hulda alisema. "Godoro ya mu sanduku ni laini kupita hii. Lakini hakuna mutu ya kukugeuza."

Séphora alipiga picha, akaituma kundini, akaomba upya dola mbili kwa kila mmoja. Phinées alijibu siku hiyo hiyo: "Séphora, siye tulishatoa. Mutu hawezi kutoa mara mbili kwa mufu moja." Wengi waliweka kidole gumba. Kundi lilikuwa limeshabadilishwa jina, sasa lilichangia sherehe ya kuondoa matanga siku ya arobaini, na michango ilikwenda vizuri. Séphora aliomba bei ya mbuzi mmoja tu kati ya watano wa sherehe. Akaambiwa mbuzi wameshatangazwa.

Alipanda tena kilimani. Adèle alisema nyumba haikuwa na neno na wafu, tayari walikuwa nao wawili, ila bei ni ile ile kwa kuwa nao wanageuzwa. Kwenye ofisi ya mtaa jina la mama lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu.

Siku ya arobaini ua ulijaa. Mama Hulda alilazwa ndani na mlango ukafungwa, watu wasije wakamkanyaga. Wageni walipita dirishani mmoja mmoja wakimpa pole ya msiba. Phinées aliingia, akapiga goti kwa heshima, akamwachia picha ya Mama Hulda mwenyewe iliyotiwa kioo. Kisha orodha ikasomwa. Mama Hulda alisikiliza kila jina kupitia ukuta, na karibu wote aliwahi kuwabeba mgongoni. Watu walipiga makofi.

Jua lilipokuwa linashuka Séphora alimletea sahani ya nyama ya mbuzi, akamkatia vipande vidogo. Mama Hulda alikula yote. Nje walikuwa wanakunja maturubai.

"Kesho utaenda ku soko?" aliuliza.

"Nitaenda, mama."

Mama Hulda alikitazama kikombe, kisha akatazama sakafu.

"Basi uniwekee bikombe mbili."